CHAMA CHA USTAWI KINA FAIDA GANI?

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama, kwa niaba ya Halmashauri, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa. Yachapishwa katika taarifa hii kwa agizo la Mkutano.



Wako wenzetu tulioketi nao katika ukumbi huu mwaka jana ambao leo hatunao. Kabla hatujaendelea twaomba tusimame kitambo kidogo kwa kuwakumbuka.

Ahsanteni. Tafadhalini ketini.

Kwa desturi hotuba ya Karani huwa fupi. Husoma idadi ya wanachama, fedha zilizoingia na zilizotoka, kisha hurudi kitini pake. Mwaka huu hesabu hizo mtaziona mwishoni mwa taarifa hii, nazo zimekwisha kukaguliwa. Lakini Halmashauri imetuagiza tuseme zaidi, kwa sababu ambayo kila mmoja wenu anaijua. Katika mkutano uliopita lilitolewa shauri kwamba Chama hiki kivunjwe. Kwamba fedha zilizomo benki zigawanywe sawasawa kwa wanachama. Na kwamba viti, turubai na masufuria makubwa viuzwe. Shauri hilo litapigiwa kura leo alasiri.

Waliolitoa shauri hilo si maadui wa Chama. Ni wanachama wenye haki zao, ada wamelipa, na baadhi yao ni vijana waliotuzidi elimu. Tumewasikiliza, tukayaandika maneno yao, nayo ni matatu. La kwanza, walisema kwamba siku hizi mtu akifiwa hufunguliwa kundi katika simu na fedha huingia siku ile ile, basi ada ya kila mwezi ni ya kazi gani? La pili, walisema kwamba Serikali Kuu na Serikali ya Kaunti zina zahanati na fedha za basari, basi kwa nini watu wenye mishahara midogo wajitwike kazi ya Serikali? La tatu, nalo ndilo zito, walisema kwamba fedha za Chama ziliwahi kupotea mikononi mwa Halmashauri, basi nani atatuamini tena?

Tutayajibu yote matatu kwa kadiri ya uwezo wetu. Na hilo la tatu hatutalikwepa.

CHAMA NI KITU GANI

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maana ya neno. Duka huanzishwa ili mwenyewe apate faida, na hilo si dhambi. Serikali hukusanya kodi kwa nguvu ya sheria, na hilo nalo ni haki yake. Chama cha ustawi si duka wala si Serikali. Watu hujiunga kwa hiari yao, hutoa kwa hiari yao, na kinachobaki mwisho wa mwaka hawakigawanyi, bali hukirudisha katika kazi ile ile waliyokusanyikia. Ndiyo maana husemwa kwamba chama cha namna hii hakitafuti faida. Faida ipo, tena kubwa, lakini haimfikii mtu kwa kuwa amewekeza fedha nyingi. Humfikia kwa kuwa amepatwa na haja.

Jambo hili wakoloni hawakutufundisha. Wakamba walikuwa na mwethya, Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Waluo walikuwa na saga, na wenyeji wetu Wamijikenda walikuwa na mweria. Leo watu hulima shamba la huyu, kesho hulima la yule. Hapakuwa na mshahara, lakini pia hapakuwa na mtu aliyesahau ni nani alikuja na jembe lake na ni nani alijificha. Daftari lilikuwamo vichwani mwa watu.

Twaweza kuona nguvu ya desturi hiyo katika vilima vya Machakos. Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, watu waliichukia kazi ile, maana ilikuwa ya amri. Lakini kazi hiyo hiyo ilipofanywa na vikundi vya mwethya vilivyojichagulia viongozi wake, matuta yalienea kutoka shamba hadi shamba, na watu wakaendelea kuyachimba hata baada ya Uhuru, wakati ambapo hapakuwa tena na wa kuwalazimisha. Jembe lilikuwa lile lile na kilima kile kile. Lililogeuka ni mwenye shauri.

Wazee wetu walipokuja mijini kufanya kazi katika bandari, katika reli na katika nyumba za watu, mashamba ya kulimiana yalibaki nyuma. Walikuwa na mshahara mdogo, chumba cha kupanga, na hofu moja kubwa: kufa mbali na kwao bila mtu wa kuwazika. Ndipo vilipozaliwa vyama vya ustawi. Na kwa kuwa sasa watu walikuwa wengi, wametoka nchi mbalimbali na hawakujuana tangu utotoni, daftari halikuweza tena kukaa kichwani. Ilibidi liandikwe.

WALIOTUTANGULIA

Si vibaya tukajifunza kwa waliotutangulia, kwa mema yao na kwa makosa yao.

Mwaka 1921 vijana waliosoma katika shule za misheni huko Nyanza, nchi iliyoitwa Kavirondo siku zile, waliunda chama cha kupinga kipande, kodi nzito na kazi ya kulazimishwa. Mwaka 1923 chama hicho kiligeuzwa kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chini ya uongozi wa Archdeacon W. E. Owen wa kanisa la Anglikana. Wanachama walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kutunza usafi wa nyumba zao. Wako waliolalamika kwamba kwa njia hiyo makali ya madai ya watu yalipunguzwa, na malalamiko yao yalikuwa na haki ndani yake. Lakini choo kilichochimbwa kilibaki choo, na mti uliopandwa ulitoa kivuli kwa aliyekuwamo chamani na kwa asiyekuwamo. Hapa pana fundisho la pande mbili: chama kisiache kuuliza haki kwa wakubwa, wala kisingoje wakubwa wajibu ndipo kifagie uwanja wake.

Mwaka 1939 Mbiyu Koinange alifungua huko Githunguri chuo cha kufundisha walimu, kwa ajili ya shule ambazo watu walijijengea wenyewe. Fedha zilitolewa na watu wa kawaida, wakikusanyika rika kwa rika, kila rika likiona haya kushindwa na jingine. Wengi wa waliotoa hawakujua kusoma. Walitoa ili mtoto wa mtu mwingine ajue. Chuo hicho kilifungwa na Serikali ya kikoloni mwaka 1952 ilipotangazwa Hali ya Hatari, lakini waliosomeshwa katika shule zile hawakuweza kufungwa wasijue walilokwisha kujua.

Huko Kisumu, katika miaka ya 1950, wanachama wa Luo Union walichanga wakajenga ukumbi mkubwa, Ofafa Memorial Hall, kwa kumbukumbu ya Ambrose Ofafa aliyeuawa Nairobi mwaka 1953. Na hapa Mombasa, tangu miaka ya 1940, Wamijikenda walikuwa na muungano wao wa kuwakusanya ndugu waliokuja mjini.

Tena tusisahau kwamba vyama vikubwa vya namna hiyo viliwahi kuvunjwa. Mwaka 1980 Serikali iliagiza vyama vya makabila vivunjwe, miongoni mwavyo GEMA na Luo Union. Hata timu ya mpira iliyoitwa Abaluhya ilibidi ibadili jina, ikawa AFC Leopards. Watu hubishana mpaka leo juu ya agizo hilo, kama lilikuwa la haki au la kuwanyamazisha watu. Sisi hatutaamua shauri hilo leo. Twasema hili tu: chama cha kuzikana kikigeuka kuwa ngazi ya wakubwa kupandia, siku ngazi itakapovunjwa hata mjane atakosa jeneza. Ndiyo sababu Chama chetu hakiulizi mtu kabila, wala dini, wala chama chake cha siasa. Chauliza jina lake, mtaa wake, na ada yake.

Mfano wa mwisho twauchukua kwa akina Mama. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Kutokana na miti hiyo saba ulitoka mwendo wa Green Belt, ambao umepanda zaidi ya miti milioni 50, na mwaka 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu hukumbuka tuzo. Sisi makarani twakumbuka jambo jingine. Akina mama wa vijijini walipewa malipo kidogo kwa kila mche, lakini si kwa mche uliopandwa, bali kwa mche uliopona. Basi ilibidi mtu arudi shambani, ahesabu, aandike. Bila ya hesabu hiyo wangepanda vijiti, wakapiga picha, wakaenda zao.

JUU YA SIMU

Sasa twarudi katika maneno ya ndugu zetu. Walisema simu yatosha.

Hatuidharau simu. Tangu kutuma fedha kwa simu kulipoanza hapa Kenya mwaka 2007, kazi yetu imekuwa nyepesi, na ada nyingi za Chama hutufikia kwa njia hiyo. Lakini tuwakumbushe vifo viwili vilivyotokea mwaka huu katika mtaa wetu, katika mwezi mmoja.

Wa kwanza alikuwa kijana mcheshi, mwenye kazi nzuri na marafiki wengi. Kundi la simu lilifunguliwa asubuhi, na kabla ya jua kutua fedha zilikuwa zimepita kiasi kilichohitajiwa. Twawashukuru wote waliotoa.

Wa pili alikuwa mzee wetu aliyelinda ghala usiku kwa miaka mingi. Alilala mchana watu wakiwa kazini, akaenda kazini watu wakilala; basi angepata wapi marafiki? Kundi lilifunguliwa kwa ajili yake pia. Watu waliandika, "Poleni sana," wakaandika tena, "Mungu amlaze mahali pema," kisha pakawa kimya. Siku ya tatu fedha zilizopatikana hazikutosha hata jeneza, na gharama za mochari zilikuwa zikiongezeka kila siku.

Lakini mzee huyo alikuwa mwanachama. Kila alipopata mshahara alikuja mezani kwetu, akafungua kitambaa, akahesabu ada yake, akangoja apigiwe muhuri, akaenda. Kwa hiyo siku ya nne Chama kilitoa fedha zote zilizoandikwa katika Katiba yetu, sawasawa na ambazo angepewa Mwenyekiti mwenyewe. Gari likapatikana, wanachama watano wakamsindikiza hadi kwao bara, wakamkabidhi kwa ndugu zake kwa heshima. Hapakuwa na mtu aliyelazimika kuombaomba kwa ajili yake. Zilikuwa fedha zake.

Hiyo, Ndugu wanachama, ndiyo tofauti tunayotaka mwiweke moyoni. Mchango wa simu humfuata mwenye kupendwa. Chama humfuata mwenye jina daftarini. Huko msaada ni huruma, na huruma ni kitu kizuri, lakini huja ipendapo. Hapa msaada ni haki. Maskini hana haja ya huruma ya siku moja kama alivyo na haja ya haki ambayo ataikuta mahali pale pale kila ajapo.

JUU YA SERIKALI

Walisema tena kwamba kazi hii ni ya Serikali. Ni kweli kwamba zipo kazi ambazo ni za Serikali tu, na chama kinachojaribu kujenga barabara kuu kitakufa kwa uchovu. Lakini Serikali huona watu kwa mbali, kwa maelfu, kupitia fomu. Fomu ya basari haiulizi kama mtoto ana viatu. Haijui kwamba nyumba ya nne kutoka kisimani mna watoto watatu wanaolelewa na nyanya yao asiyeona vizuri, na kwamba fomu hiyo haikujazwa kwa sababu hapakuwa na wa kuijaza. Mwaka huu wanachama wetu wawili wamekuwa wakikaa katika baraza ya msikiti kila Ijumaa baada ya sala, na katika ua wa kanisa kila Jumapili, wakiwasaidia wazazi kujaza fomu hizo. Kalamu na karatasi tu ndizo zilizotugharimu.

Tena chama ni sauti. Mtakumbuka mtaro ulioziba kabla ya mvua za masika. Kila mmoja wetu kwa wakati wake alikwenda kulalamika katika ofisi fulani, akaambiwa aje kesho. Kisha vijana wa Chama waliingia mtaroni kwa majembe siku mbili, taka zikarundikwa kando, ndipo tukaandika barua moja yenye muhuri wa Chama na sahihi za wazee. Barua ya tatu ilijibiwa, na gari la taka likaja. Mtu mmoja akilalamika huitwa msumbufu. Watu mia wakiandika barua moja huitwa wananchi.

Wala tusidhani kwamba tunafanya kazi hii kwa kuvumiliwa tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 36, yampa kila mtu haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki katika kazi zake. Kwa vikundi vidogo vya kusaidiana ipo Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kwa mashirika makubwa ya kuhudumia umma ipo sheria iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Wazee walioanzisha vyama wakati wa ukoloni walihitaji ruhusa na walichunguzwa kila walipokutana. Sisi tumepewa mlango ulio wazi. Itakuwa ajabu tukiufunga kwa mikono yetu wenyewe.

JUU YA FEDHA ZILIZOPOTEA

Sasa twafikia neno la tatu.

Ni kweli. Miaka miwili iliyopita mwanachama mmoja, mfanya biashara, mtu anayependwa na wengi, aliomba mkopo kutoka mfuko wa mazishi. Alisema atarudisha mwisho wa mwezi. Watu wawili wa Halmashauri walitia sahihi bila kikao na bila kumbukumbu kuandikwa. Sisi wengine tulisikia habari hizo siku ya pili, tukanyamaza, maana tulimwonea haya mwenzetu, na tulidhani kwamba mwezi si mrefu. Biashara ikaharibika. Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine.

Ndipo akaja mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Walikuwa wamelipa ada kwa miaka 11. Tukamwambia angoje. Akangoja. Kesho yake tukamwambia tena angoje. Siku ya tatu hakutukemea wala hakulia. Alikifungua kitabu chake cha mwanachama, akakiweka juu ya meza yetu, kurasa zote zikiwa na mihuri, akauliza, "Hii mihuri ni ya nini?"

Hapakuwa na aliyemjibu.

Maiti ya mumewe ilikaa siku tisa huku tukipita nyumba kwa nyumba kuchanga upya fedha zilizokuwa haki yake. Mama huyo yumo katika ukumbi huu leo. Tulimwomba ruhusa ya kulisimulia jambo hili, akakubali, kwa sharti kwamba tulisimulie lote. Twamwomba radhi mbele yenu wote.

Wale wawili wamejiuzulu. Sehemu kubwa ya fedha zile imerudishwa, na iliyobaki imeandikwa katika ukurasa wa hesabu, ili kila mtu aione mpaka siku itakapokwisha. Lakini tusijidanganye kwamba kosa lilikuwa la wawili. Walioiba ni wachache kuliko walionyamaza. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na sisi twaongeza: daftari likiwapo bila wa kulisoma, ni sawa na kutokuwapo.

Sasa tuliangalie shauri la kuvunja kwa jicho la kosa hili. Ndugu zetu wasema, kwa kuwa haki ya mama yule ilivunjwa, basi Chama kivunjwe. Sisi twasema kwamba mama yule aliweza kuuliza swali lake kwa sababu Chama kilikuwapo. Alikuwa na kitabu. Alikuwa na mihuri. Alikuwa na meza ya kuweka kitabu juu yake. Yule anayetegemea kundi la simu, fedha zisipokuja, atakiweka kitabu gani, na juu ya meza ya nani? Chama chenye kosa chaweza kuulizwa. Mahali pasipo na chama, hapana wa kuulizwa.

MASHAURI YA HALMASHAURI

Hatukuja na maneno matupu. Halmashauri yaweka mbele yenu mashauri manne, ili yapigiwe kura badala ya lile la kuvunja.

Kwanza, mfuko wa mazishi usikopeshwe kwa mtu yeyote, kwa muda wowote, hata angekuwa nani. Atakayetaka mkopo aende katika chama cha akiba na mikopo.

Pili, sanduku la fedha za mkononi liwe na kufuli tatu, na ufunguo mmoja ukae kwa mwanachama asiyekuwa wa Halmashauri, atakayechaguliwa na akina Mama. Fedha za benki zisitoke bila sahihi tatu na kumbukumbu za kikao.

Tatu, hesabu zisomwe kwa sauti kila miezi mitatu, na nakala ibandikwe mlangoni mwa ukumbi. Kila mwanachama awe na haki ya kufungua daftari siku yoyote ya kazi bila kuulizwa sababu. Twaomba hasa vijana waliotoa shauri la kuvunja wachague wawili miongoni mwao wawe wakaguzi. Jicho lililoliona kosa ndilo tunalolihitaji.

Nne, utengwe mfuko mdogo wa kuwasaidia watoto yatima wa wanachama kwa sare, viatu na vitabu. Tufanye hesabu ya mfano. Wanachama 200 wakiongeza shilingi 20 tu kila mwezi, zitakuwa shilingi 4,000 kwa mwezi, na 48,000 kwa mwaka. Shilingi 20 mfukoni mwa mtu mmoja haziwezi kumvisha mtoto. Zikikutana, zinamvisha. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikitobolewa chini, haba hazitakijaza kamwe.

Tena yapo mambo ambayo hayana safu katika daftari letu. Katika Chama hiki wengi wetu tulijifunza kusimama mbele ya watu na kusema. Akina mama ambao hapo zamani walikaa nyuma ya ukumbi sasa wanaongoza vikao vya kamati. Mluo amemzika Mgiriama, na Mkristo amefuata jeneza la Mwislamu hadi makaburini. Masufuria yale yanayotakiwa kuuzwa yamepika pilau ya arusi za watoto wetu na chakula cha matanga yetu. Tukiyauza tutapata fedha kidogo. Na arusi itakayofuata tutayakodi kwa mwenye duka.

MWISHO

Bwana Mwenyekiti, Ndugu wanachama, tumepiga hesabu. Fedha za Chama zikigawanywa leo, kila mmoja wetu atapata kiasi cha kununua unga wa nyumba yake kwa mwezi mmoja. Mwezi huo utakwisha. Unga utakwisha. Na mtu atakayefariki mwezi wa pili atakuwa mmoja wetu, wala hatujui ni nani.

Hatuwaombi mtupigie kura sisi wa Halmashauri. Mkituona hatufai, twaondoeni leo hii hii, Katiba yawaruhusu, na tutakabidhi funguo kwa furaha. Lakini msikivunje Chama kwa sababu ya makosa ya watu waliokitumikia. Nyumba ikiingia moshi, watu hufungua madirisha, hawaitii moto.

Swali la mama yule bado liko juu ya meza. Kila muhuri tunaoupiga ni ahadi ya watu wengi kwa mtu mmoja, kwamba siku yake ikifika hatakuwa peke yake wala hataombaomba. Sisi tuliivunja ahadi hiyo mara moja. Twaomba nafasi ya kuitimiza. Kura ni zenu.